Kazini, Nyuma ya Kufuli

Ofisi ilipotuambia tuvuke mto siku mbili tu kwa juma, siku nyingine tufanyie kazi nyumbani, majirani zangu wa Lubunga, ng'ambo ya mji, waliona nimefukuzwa. Mtu anayeshinda nyumbani hana kazi; basi atabeba viti vya matanga, atafukuza mbuzi kwenye mihogo ya watu. Ripoti zangu zikachelewa. Ndipo nikabuni hila: asubuhi nilitia kufuli mlango wa mbele, kwa nje, kisha nikaingia kwa mlango wa nyuma na kufanya kazi madirisha yakiwa yamefungwa.

Siku moja, saa nne asubuhi, katikati ya mkutano kwenye kompyuta, nikasikia kandambili za mama jirani, mjane asiyejua kusoma. Simu yake ilikuwa imekufa sauti, ikabaki ya ujumbe tu, na msomaji wake nilikuwa mimi.

"Mwanangu," aliita. Akagusa kufuli. "Bon, amevuka. Nitamungoja hapa."

Nilinyanyuka, nikaketi tena. Ningetokaje? Nikajiambia ujumbe wenyewe ni salamu tu za watu. Alikaa kizingitini akichambua pondu ya mihogo. Niliyasikia majani yakikatika. Mpita njia mmoja akamtania kwamba amekuwa mlinzi wa nyumba.

"Cheka tu," alimjibu. "Huyu anafanya kazi ya kichwa. Jioni anarudi amechoka kuliko wewe mubeba magunia."

Saa kumi na moja nilitoka nyuma, nikazunguka kwa njia ya reli, nikatokea mbele na begi begani. Nilikuwa nimenawa uso bila kuufuta, maji yaonekane kama jasho.

"Pole na kazi, mwanangu," alisema, akanipa simu.

Binti yake alikuwa ameandika saa tatu asubuhi: "Mama, nimefika na lori toka Buta. Niko bandarini na mtoto, siwezi kuacha mizigo. Boti ya Kinshasa inaondoka saa nane. Vuka, umwone mjukuu wako."

Aliniomba nirudie saa.

"Saa nane, mama."

"Na sasa?"

"Kumi na moja."

Alikung'uta mabaki ya pondu kwenye nguo yake. Kisha akaniona narudia kuusoma ujumbe, akanishika mkono. "Usijitese. Wewe ulikuwa kazini."

"Ndiyo, mama. Nilikuwa kazini."

Akaniomba nimwandikie jibu. "Mwambie mama alikosa mutu wa kumusomea."

Nikaandika hivyo hivyo, neno kwa neno, nikatuma.