Kiboksi cha Nyumba ya Yaya

Ni mimi niliyemwambia yaya aking'oe kile kiboksi. Nimekana kwa miaka mitatu: mbele ya mwanawe, mbele ya mume wangu, na mara moja mbele ya padri ambaye wala hakuwa ameniuliza.

Yaya ni dada yangu mkubwa. Huku Rumonge, Burundi, kwa kuishi karibu na Wakongo, ndivyo tunavyomwita dada aliyekutangulia kuzaliwa. Tulikulia wote kambini Tanzania. Familia ilipogawanyika, baba alirudi nasi Burundi, yaya na mumewe wakapelekwa Australia. Mimi nikapata lisansi, yaani shahada, chuo kikuu Bujumbura, nikawa mwalimu wa lise, ile shule ya sekondari, na mwandishi wa makala ambazo wasomaji wake karibu wote nawafahamu kwa sura. Kwa yaya hayo yalitosha kunifanya mtaalamu wa dawa za presha, mikataba na mashine za kufulia. Nami sikuwahi kumsahihisha.

Basi alipofiwa na mumewe, akaamua kuhamia nyumba ndogo zaidi ya kupanga, alinipigia.

"Mudogo wangu, wewe mwenye lisansi, nisomee hii mambo ya internet. Makampuni iko mengi, kila moja inasema yake ndiyo nzuri."

"Mwanao si yupo huko?"

"Huyo akinieleza anaongea kama redio inayoisha betri. Mara moja tu, halafu kwisha."

Nikasoma. Nilisoma siku nne kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, kwa vifurushi vya wiki, nikipanda kwenye kilima nyuma ya shule ambako mtandao unashika vizuri. Nilielewa kwamba kule nyaya zenyewe karibu zote ni za shirika moja la serikali, na makampuni yanayojitangaza yanauza tu kinachopita ndani yake. Nilielewa kwamba kuna nyumba ambazo faiba, yaani ule uzi wa kioo unaopitisha mwanga, huingia mpaka ndani, na nyingine ambazo huishia mtaani, halafu waya wa zamani wa simu unamalizia safari. Nilifurahi sana kuelewa. Ni furaha hiyo iliyoniponza.

"Yaya, fikiria mashine ya kukamua mawese," nilimwambia. "Mashine ni moja, lakini barabarani wanaouza mafuta kwa bidoni ni ishirini."

"Sasa kama mafuta ni yale yale, mbona mmoja anajisifu?"

"Kwa sababu mmoja anakujazia bidoni mpaka shingoni, mwingine anakuachia povu. Uliza kasi yao ya jioni, wakati kila mtu amerudi nyumbani. Hapo ndipo povu linaonekana."

Alicheka, nami nikajiona profesa. Kisha akauliza swali ambalo sikuwa nimelisoma.

"Na hiki kidude cheupe cha ukutani, kile uzi unaingia ndani yake? Nikiache?"

Sikusita hata kidogo. "King'oe, yaya. Uende nacho."

Lazima nieleze, si kwa kujitetea. Watu waliorudi kutoka kambini hawaachi kitu ukutani. Tulirudi na mabati, na fremu za madirisha, na milango. Mlango wa baba ulisafiri juu ya lori ukiwa umefungwa pamoja na kuku, na mpaka leo ni mfupi kuliko nafasi yake. Tumeziba juu kwa ubao. Aliyeacha mlango kambini alicheka siku moja tu, siku ya kupakia mizigo. Kwa hiyo nilipoulizwa kuhusu kitu kilichofungwa ukutani kwa skrubu mbili, sikujibu kwa elimu. Nilijibu kwa lori.

Yaya alikifungua kwa kisu cha jikoni. Katika nyumba mpya alikitundika sebuleni kwenye msumari, kama picha ya harusi, akakichomeka kwenye umeme. Taa ikawaka nyekundu, ikabaki nyekundu. Tukasema labda inahitaji muda.

Baada ya wiki, ikaja barua kutoka ofisi inayosimamia ile nyumba ya zamani. Alinitumia picha yake. Kiingereza changu ni cha vitabu, lakini barua ilikuwa wazi: mpangaji mpya hana internet, kifaa cha ukutani kimeondolewa bila ruhusa, kifaa hicho ni sehemu ya nyumba na si mali ya mpangaji, kirudishwe, la sivyo watachukua hatua. Nilirudi kwenye ukurasa niliousoma siku zile nne. Sentensi hiyo ilikuwepo, chini kabisa, fupi: ukihama, kiboksi kinabaki, unahamisha mkataba tu. Niliiruka kwa sababu nilikuwa nimeshafika kwenye mawese.

"Kwa hiyo nimeiba," yaya alisema.

"Hujaiba, yaya. Umekosea."

"Kitu cha serikali, kwa kisu. Na Alhamisi ya wiki ijayo ninaapa."

Kiapo hicho kilikuwa cha uraia. Yaya alikuwa ameusubiri miaka mingi. Alizaliwa Burundi, akabebwa mgongoni kuvuka mpaka, akaishi ujana wake wote kwa kadi ya chakula, akaingia Australia kwa karatasi iliyosema yeye si wa popote. Sasa alikuwa amefaulu mtihani, amenunua gauni, amepewa kiti katika ukumbi wa manispaa. Na watu kama sisi tunajua kwamba mtu hanyimwi karatasi kwa jambo kubwa. Hunyimwa kwa muhuri uliofifia, kwa tarehe moja isiyolingana na nyingine.

"Watauliza nani alinishauri," alisema.

"Mimi nilikuambia uulize kwanza," nikasema.

Sikuwahi kumwambia hivyo. Maneno yalinitoka yenyewe, laini kabisa. Yaya alisema murakoze, asante ya kwetu, akakata.

Siku tano zikapita bila sauti yake. Kwake hakukuwa na internet, na mwanawe, ambaye alikuwa akimwazima simu, hakujibu ujumbe wangu. Niliona kwamba ameusoma. Darasani niliandika tarehe ya jana ubaoni siku mbili mfululizo. Akilini nilimwona yaya akiitwa pembeni ukumbini, akiwa na gauni lake jipya, na mtu mwenye faili akimwonyesha picha ya skrubu mbili.

Jumamosi nikaenda Magara, ziwani, kununua ndagala, yaani dagaa, simu mkononi. Mama anayeniuziaga aliniangalia nikiitoa na kuirudisha.

"Mwalimu, hiyo simu iko na homa? Unaipapasa kama mutoto muchanga."

"Nasubiri habari za dada."

"Wa Ulaya?"

"Australia."

"Huko ni mbali kuliko Ulaya," akamwambia mwenzake kwa huruma. "Habari ikitoka huko inafika imezeeka."

Nilicheka kwa adabu. Ndagala niliisahau pale pale, akaituma nyumbani kwa mwendesha baiskeli pamoja na ujumbe kwamba nilale.

Jumanne saa nne asubuhi, wanafunzi wakifanya insha, simu ikaita. Nilitoka nje mpaka kwenye ukuta wa choo. Alikuwa mwana wa yaya, na kwao ilikuwa imeshakuwa jioni.

"Mama mdogo, amahoro. Fundi alikirudisha jana. Dakika ishirini tu. Ofisi ya nyumba imesema yameisha."

"Na kiapo?"

"Kiapo ni Alhamisi kama kawaida. Mama alikuwa hapati usingizi, kwa hiyo nilipiga mpaka ofisi ya uraia, nikawaeleza. Yule mama wa kwenye simu alinifanya nirudie mara mbili. Akasema hajui kiboksi ni nini, lakini mama afike mapema, kuegesha gari ni shida." Akavuta pumzi. "Na huku kwenye nyumba mpya kulikuwa na kiboksi kingine tangu mwanzo. Nyuma ya mashine ya kufulia."

Niliegemea ukuta.

"Ila nataka kujua kitu kimoja," akasema. "Nani alimwambia aking'oe?"

Nilifungua mdomo. Kabla sijatoa neno nikamsikia yaya kwa mbali, kama yuko jikoni: "Muache mama yako mudogo. Ni kichwa yangu mwenyewe."

Kulikuwa na nafasi ya kukiri, pana kabisa. Nikasema, "Yaya amekuwa hivyo tangu utotoni."

Mwanawe akaguna, akampa simu. Nilisikia hatua, kisha mlango ukifungwa.

"Umesikia?" yaya alisema polepole. "Alhamisi ninaapa. Sasa wewe mwenye lisansi, kaa mbali na kuta zangu."