Zeze la Kwanza la Binti Yangu

Mume wangu alikuwa mvuvi wa ndagala, dagaa wa ziwa letu kule Rumonge, na wenzake walipenda kumsikiliza akipiga zeze. Malale, ule ugonjwa wa usingizi, yalipomshika, mikono ikaanza kutetemeka, akaacha mtumbwi. Wadachi waliotutawala wakaamuru wagonjwa wapelekwe kambini kwao wadungwe sindano. Kabla ya kuondoka alitaka jambo moja tu, kumchagulia binti yetu zeze lake la kwanza.

"La kwangu ni zito kwake," aliniambia. "Na mutoto akianza na zeze baya, atadhani masikio yake ndiyo mabaya."

Basi tukaenda sisi watatu kwa fundi Mmanyema aliyekaa karibu na soko. Njiani tulipumzika sana. Fundi akatutandikia mkeka, akayapanga mazeze yake juu yake. Mume wangu akachukua moja, akaegemeza kibuyu chake kifuani, akagusa uzi, akatikisa kichwa. Akachukua jingine, akasikiliza, akataka kusema kitu. Kidevu kikamshuka, akalala palepale, zeze liko mapajani.

Fundi akatazama pembeni. Nikanyoosha mkono nimwamshe, binti yangu akanizuia.

"Mwache, mama. Baba iko na usingizi."

Tukakaa. Watu wakapungua sokoni. Mtoto akalitoa lile zeze polepole mapajani mwa baba yake, akalipakata. Baba yake alipofumbua macho alitutazama kama mtu asiyetujua, kisha akaona haya.

"Tumechukua lipi?"

"Hili, baba. Umelichagua wewe."

Akaamini. Akamsogezea kibuyu kifuani, akamwonyesha pa kubana uzi. "Usilikumbatie hivyo," akamwambia. "Liache lipumue." Nami nikampa fundi mawese tuliyokuja nayo.

Haukupita muda, askari wakaja kumchukua. Niliomba nifuatane naye, wakakataa. Kila asubuhi mtoto aliketi mlangoni akipiga wimbo mmoja mfupi aliofundishwa na baba yake, na alipokwama aliniuliza, "Baba alipiga hivi?" Mimi muziki siujui. Nilimjibu ndiyo.

Habari za kifo alituletea mtu aliyerudi kutoka kambini. Walikwisha kumzika. Baadaye ikatoka amri tuhame ufukweni, tupande milimani, mbali na mbung'o waletao malale. Huko kulikuwa na baridi, na majirani walisema Kirundi kitupu. Binti yangu akalalamika kwamba hasikii maji ya ziwa. Nikamwambia atazoea. Mimi mwenyewe sijazoea mpaka leo.