Kazi Yangu Ilikuwa Kuinua Miguu

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Ruiru, nilikabidhiwa gauni la kijani, kofia ya kufunika nywele ambazo hata wakati huo hazikuwa nyingi, na miguu ya mtu nisiyemjua. "Inua," akasema Sista Mkuu wa thieta. Nikainua. Nyinyi vijana mna vyeo virefu. Mimi nilistaafu nikiwa mhudumu wa chumba cha upasuaji. Kwetu Ngoingwa walidhani napiga deki tu. Deki pia nilipiga. Na kwa mtu anayependa nyumbani kama mimi, hata Ruiru ilikuwa ng'ambo.

Enzi hizo, kujua kama aliyepasuliwa amepungukiwa maji mwilini, Sista alifinya ngozi, akatazama ulimi, akainamia mfuko wa mkojo. Mwenye hali mbaya alitiwa mrija shingoni, ukafika karibu na moyo. Mrija huo ukiletwa, nilikumbuka ghafla kuna sakafu chafu mahali.

Nilipohamishiwa Thika nikamkuta Daktari Mkuu wa Usingizi, mama wa kutoka magharibi mwa nchi mwenye sauti ya kwaya. Alikuwa na mashine yenye mkanda mdogo wa kuvaa kidoleni. Unabana, unaachia, na kwenye skrini inatokea namba: kiasi cha damu ambacho moyo unasukuma kila unapopiga. Shingo haiguswi. Siku moja alinivisha mimi. Nikauona moyo wangu mwenyewe ukichora vilima. Mke wangu mpaka leo haamini kwamba ninao.

Kisha akaletwa Mama Achieng', muuza omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka Kamenu, ametolewa mfuko wa nyongo uliooza. Presha ikaporomoka, ule mkanda ukiwa kidoleni mwake. Daktari kijana alikuwa ameshashika chupa nyingine ya dripu. Mume wa mgonjwa, mtu wa kiwandani, akasimama mlangoni.

"Anasema ana kiu. Mnamnyima maji?"

"Ngoja kidogo, shemeji, tuuulize moyo wake," Mkuu akamjibu. Maana maji yakipungua, figo zinakufa. Yakizidi, yanaingia mapafuni, na mtu anazama akiwa kitandani. "Baba Njeri, kazi yako."

Nikalaza kichwa cha kitanda, nikainua miguu. Damu iliyotulia miguuni huteremka kifuani, kama dripu ya kuazima. Ukishusha miguu, inarudi ilikotoka. Moyo unaohitaji maji utaipokea na namba itapanda papo hapo. Tukaitazama namba. Haikupanda.

"Labda mzee hajainua vizuri," akasema daktari kijana.

"Huyu? Hii ndiyo kazi pekee anayoijua." Mkuu hakuondoa macho kwenye skrini. "Maji yanamtosha. Rudisha chupa. Mishipa ndiyo imelegea, mpe dawa ya kuikaza."

Kufikia chai ya saa nne presha ilikuwa imepanda ikatulia, na mume wake akimpangusa midomo kwa pamba iliyoloweshwa.

Sasa nimestaafu, nipo nyumbani nilikotaka kuwa tangu siku ya kwanza. Natoka kwenda kununua omena tu.

"Huyu mzee aliniinua miguu mbele ya madaktari," Mama Achieng' huwaambia wateja, "na bado anataka nimwongezee."

Huniongezea. Kisha hujitwika beseni na kupanda mlima kuelekea kwake. Mimi husimama nikiitazama ile miguu mpaka ipotee.