Nilimwambia Shemeji Ni Manyunyu Tu

Ndugu msomaji, mimi ni mwongo, na uongo wangu umemuua mtu. Naanza na hilo ili usije ukanionea huruma mapema.

Naishi Ihanda, nina kahawa na mahindi kama majirani zangu. Miaka michache iliyopita watu wa mradi wa tahadhari ya mafuriko walikuja kijijini, wakasimika kipima mvua uani kwangu kwa sababu nina uzio na sifugi mbuzi. Wakanipa na daftari. Kazi ilikuwa ndogo: kila saa tatu asubuhi nisome mvua ya jana, niandike, na ikiwa kubwa niwapigie simu watu wa bondeni, kule Kamsamba.

Maana mvua ya radi ikipiga huku kwetu juu jioni, maji hayakai. Yanateremka, na kesho yake Mto Momba unafurika kule chini huku jua linawaka na vumbi linatimka. Mtu wa bondeni akiangalia angani haoni kitu. Anategemea mtu wa juu amwambie.

Wa kumpigia alikuwa shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, mfugaji. Malisho yake yalikuwa ng'ambo ya mto, hivyo kila siku alivuka kwa miguu na ng'ombe wake. Mimi nikimwambia, yeye anawaambia wenzake.

Msimu ule nilimpigia mara mbili kwamba wasivuke. Mara zote mbili mto haukuja. Mvua ina mambo yake, inaweza kumwagika yote uani kwangu na kilima cha pili kikabaki kikavu. Ng'ombe wakashinda zizini na njaa, na shemeji, unajua tena utani wa mashemeji, akanipa jina: Mama Gharika. Likazagaa. Siku moja mnadani mwanamke nisiyemjua akaniuliza kama leo mafuriko nimeyabeba kwenye kikapu. Watu wakacheka, na shemeji akacheka nao.

Nami nikacheka, lakini moyoni niliweka. Ndiyo tabia yangu. Mama alikuwa akisema, huyu mtoto hasahau.

Basi jioni moja radi zikapiga mfululizo tangu saa kumi mpaka giza likaingia. Asubuhi nakuta kipima mvua kimejaa hadi kinamwagika, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Nikaandika daftarini: kimejaa. Simu nikaiacha mezani. Nikasema leo sipigi, acha hodari wa kucheka wajionee.

Akapiga yeye mwenyewe.

"Mwangaluka, shemeji," akanisalimia kwa Kisukuma chake. "Mama Gharika, huko juu vipi? Nataka kuvusha ng'ombe."

"Manyunyu tu, shemeji. Vuka. Nisije nikakuchelewesha bure tena."

Akacheka. "Leo umekuwa mtu mwema."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu.

Jamani, sikutaka afe. Nilitaka akute maji yamepanda, ageuze, aone aibu aniombe radhi. Nilidhani mto unapanda taratibu, mtu anauona. Kumbe ulimfikia akiwa katikati, kwa mkupuo mmoja. Walimpata siku ya tatu, chini kwenye mashamba ya mpunga.

Msibani mdogo wangu akaniuliza, "Dada, si alikupigia? Alisema umemwambia ni manyunyu."

Nikamjibu kwamba mvua kubwa ilinyesha baada ya ile simu. Akaniamini. Akanilalia begani akalia, nami nikambembeleza kwa mikono hii hii.

Baada ya arobaini akaja kupumzika kwangu. Siku moja natoka shambani, namkuta amekaa uani, daftari mapajani.

"Huu mwandiko wako?"

"Ndiyo."

"Uliandika kabla hajapiga, au baada?"

Ningeweza kudanganya tena, na uongo ulikuwa umeshafika mdomoni. Nikasema, "Kabla." Kisha nikamwambia yote, pamoja na mnada na lile jina.

Hakupiga kelele. Alikunja khanga zake, akaondoka na gari la mchana. Tangu siku ile hapokei simu yangu. Alituma ujumbe mmoja tu kupitia shangazi: mvua ikiwa kubwa nibipu mara moja nikate, yeye atajua na atawaambia wenzake. Sauti yangu hataki kuisikia.

Wewe uliyepewa kazi ya kuwaonya watu, waonye. Utakosea, watakucheka, na kuchekwa kunauma, silikatai hilo. Lakini kunapona. Kama una kinyongo na mtu, mtukane, mnunie, mle kila mtu chungu chake, ila akikuuliza habari ya maji mwambie kweli.

Leo asubuhi kipima kilikuwa kimevuka nusu. Nikabipu. Ikaita mara moja, nikakata, nikabaki nimeishika simu mkononi. Nilikuwa naomba mdogo wangu akosee tu, aipokee kabla sijakata, aniite hata hilo jina la Mama Gharika.