Ubao Uliosema Ndiyo

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa fundi wa kompyuta katika ghala moja la Changamwe. Fundi, kwa maana kwamba ni mimi pekee niliyewahi kuifungua mashine ile na kuifunga bila skrubu kubaki.

Orodha za makontena ziliandikwa na mama mmoja wa mtaa wa Shika Adabu, ng'ambo ya pili, aliyevuka feri kila siku na hakuchelewa kamwe, dosari kubwa katika ofisi ile.

Nilipochomeka kadi mpya ya kuendeshea diski, miujiza ikaanza. Mama anaandika orodha ya mchana, anaihifadhi, anaifungua achape. Inatoka ya asubuhi. Kesho yake, mashine ikiwashwa upya, ya mchana ipo salama salimini.

"Jana hukuiandika; umewahi leo asubuhi ukaiandika," meneja akamwambia. "Kompyuta haisemi uongo."

"Wallahi, bwana, sikuigusa."

Akapewa barua ya onyo. Mimi, shujaa, nikanyamaza.

Mama akanijia. "Mwanangu, mimi nina miaka sita hapa. Kadi yako ina wiki moja. Itazame."

Nikaona haya, nikatazama siku tatu. Kadi ilikuwa ikiandika moja kwa moja kwenye kumbukumbu kuu, bila kupitia kwa prosesa, ubongo wa mashine. Prosesa nayo huweka karibu nakala ya ilichokwisha kusoma, na sharti ijulishwe nakala ikichakaa. Kiini cha mfumo, yaani programu inayosimamia mashine nzima, kilipoamka kilisoma mipangilio iliyohifadhiwa kwenye ubao mkuu, ule kadi zinamochomekwa: je, unaijulisha prosesa kadi ikiandika? Ubao ukajibu ndiyo. Haukuwa ukijulisha chochote. Kiini kikaamini, kwa busara ile ile ya meneja.

Nikaingia kwenye mipangilio, nikageuza ile "ndiyo" kuwa "hapana". Sasa kiini kikawa kinatupa chenyewe nakala kuukuu kila kadi ilipoleta kitu. Mashine ikapungua kasi, ila orodha ya mchana ikatoka ya mchana.

Meneja alipoonyeshwa, akasema alishuku tangu mwanzo. Barua ya onyo, hata hivyo, haingeweza kutolewa failini, kwa kuwa ilikwisha kupewa namba.

"Basi naomba ya radhi," mama akasema, "nayo ipewe namba."

Meneja akaitamka, mama akaichapa, akamsahihishia Kiswahili mahali patatu, akamwekea mbele atie sahihi.

Nami nikamwomba radhi, kwa mdomo.

"Nimekusamehe," akasema. "Siku nyingine soma kwanza, ndipo uchomeke."