Karanga za Kupelekea Watu

Nilimwomba tantine, mdogo wa mama yangu, alete kwenye maabara yetu karanga mbichi kidogo tupime. Gunia lake lilikuwa limenyeshewa kwenye mtumbwi kutoka Yanonge, naye alitaka kusagia uji wa mjukuu wake aliyeanza kula. Akaleta karanga zilizokaangwa na kutiwa chumvi. Alisema hawezi kuingia ofisi ya watu na karanga mbichi, kama mtu asiye na jiko. Nilipogeuka, wenzangu walikuwa wanatafuna.

Tulipima zilizobaki. Kazi si ngumu: unasaga, unatikisa unga ndani ya spiriti yenye maji, unachuja, unachovya kipande cha karatasi. Mistari miwili ikitokea, sumu ya ukungu haijafika kiwango cha kukataza. Ukitokea mmoja, imefika. Tantine aliitazama mistari yake miwili, akafikiri kama yeyote aliyewahi kupimwa mimba.

"Donc iko na mimba," akasema.

Nikamweleza kwamba hapa mambo ni kinyume, karanga zake ni safi. Hazikuwa na budi kuwa safi: alizichagua moja moja kutoka juu ya gunia.

"Na zile zingine, tantine?"

"Zile mubaya? Ile siwezi letea watu. Niliiacha ku nyumba, ya buyi ya mutoto." Buyi ni uji: ule wa mjukuu.

Tulipanda pikipiki hadi kwake Kabondo. Nikaingiza mkono gunia zima, juu, pembeni, hadi chini, maana ukungu hukaa kwa mafungu, na konzi moja safi haisemi lolote juu ya konzi ya jirani. Nikachanganya, nikarudi kupima. Mstari mmoja.

Tantine aliuliza kama moto hauui. Nikamwambia ukungu hufa, sumu hubaki. Akauliza kuhusu kuku. Nikamwambia kuku naye huugua. Akachimba shimo nyuma ya nyumba, akafukia gunia lote. Mjukuu alipewa uji wa mchele, akaukataa, kisha akazoea.

Msimu uliofuata alileta mifuko miwili kutoka gunia moja. Mmoja ulikuwa wa karanga mbichi, nzuri na mbaya pamoja, umefunikwa kitambaa ili watu wasizione. Wa pili ulikuwa wa zilizokaangwa, safari hii bila chumvi.

"Hii ya mashine," akasema, akinipa mbichi za kupima. "Hii ya watu."

Nikawaomba wenzangu wasubiri. Wakasubiri, macho kwenye karatasi. Mstari wa pili ulipotokea, tantine alifungua mfuko wa watu, akatenga kwanza za uji wa mjukuu, halafu akawagawia.