Mzinga Ulionukia Udi

Wifi yangu mkubwa ndiye aliyeniambia kwanza kwamba jirani yetu anatoa mzinga wa nyuki. Nilikuwa nautaka sana. Nyuki walikuwa wametua kwenye mpera wetu, na mume wangu alikuwa bara kwenye kazi ya reli, hakuna wa kunichongea mzinga.

Tulimkuta jirani ukumbini kwake. Mzinga ulinukia udi kama bibi arusi. Wifi akauinamia, akanusa, akanusa tena.

"Nyuki wako wako wapi, shoga?"

"Walikufa." Jirani alizungusha bangili zake. "Watoto wao waliozea masegani. Lakini nimeufukiza, wallahi, kwa udi ule ule wa arusi ya binti yangu."

"Basi maradhi yamo mle mle, mwenzangu. Umeyatia manukato tu."

Jirani akainamisha uso. Mimi nikaona haya kukataa, nikauchukua mzinga na kumshukuru.

"Ukiwatia nyuki humo, utawazika," wifi akaniambia njiani.

Sisi wa mji huu tunafukiza nguo, vyumba, hata wagonjwa, na kinachonukia vizuri tunakiona safi. Nyuki hawana habari na arusi zetu.

Asubuhi yake niliupasua mzinga, nikauchoma uani hadi ukawa majivu, nikayafukia. Harufu ya udi ikavuka ukuta.

"Mwanangu," jirani akaniita kutoka upande wa pili, "leo una shughuli gani?"

"Nangojea wageni, mama," nikamjibu, huku nikitoboa mlango wa nyuki kwenye sanduku tupu la chai.